Kabla ya Kutupa Ndoana, Jifunze Kurudi Juu ya Kayaki

Mtu akinunua kayaki ya kuvulia hapa Kilifi, la kwanza kuuliza ni kolekole wanashika wapi. La pili ni chambo. Akishajibiwa hayo mawili utamkuta ameshafunga fimbo mbili nyuma ya kiti na anataka kujua maji yanajaa saa ngapi. Mimi humuuliza: umeshapinduka nayo? Wengi huniangalia kana kwamba nimewaombea mabaya. Nauliza kwa dhati. Kama hujawahi kuanguka kutoka kwenye kayaki yako mahali ambapo miguu haigusi mchanga, ukaigeuza na kupanda tena kwa nguvu zako, basi usiende nayo kuvua mlangoni, pale penye pengo la mwamba. Kaa karibu na ufuo kwanza.

Mimi ni muuguzi. Baba alivua kwa hori, mtumbwi mdogo, baadaye kwa ngalawa, na mambo ya upepo nimeyapata kwake. Kayaki nimejifunza ukubwani, kwa sababu naweza kuiteremsha majini na jirani mmoja bila kungoja wenye chombo. Ninaowaandikia hapa ni wale wanaotoka wawili wawili, kwa kuwa mwenzako mkiwa baharini ndiye boti yako ya uokoaji. Kenya ina walinzi wa pwani tangu mwaka 2018, na Mombasa kuna kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji baharini. Nashukuru wapo, na nitasema baadaye jinsi ya kuwaita. Lakini mtu aliyemo majini na mshipi wa kuvulia umemzunguka mguuni anahitaji msaada sasa hivi, na aliye karibu ni wewe.

Tuanze na upepo, maana ndio unaoamua kama siku hiyo utavua au utashona nyavu. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya nje si mahali pa kayaki. Upepo unatoka kusini mashariki, mawimbi yanapiga mwamba mchana na usiku, na hata ndani ya mwamba maji yanachafuka kuanzia saa nne asubuhi. Kaskazi kinapokolea, Januari na Februari, asubuhi huwa nzuri na mchana hugeuka. Vipindi vya katikati, upepo ukiwa matlai, ule wa kutoka mashariki, ndiyo msimu wetu. Hata hapo, toka alfajiri na uwe umerudi kabla upepo wa bahari haujaamka. Anayesema “nitavuta mmoja tu wa mwisho” saa tano asubuhi ananitia wasiwasi kuliko asiyejua kuogelea.

Maji nayo yana sheria zake. Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hupita mita 3, na maji yote hayo yaliyoingia kwenye mkono wa bahari wa Kilifi, kuanzia chini ya daraja hadi ndani kabisa kwenye mikoko, lazima yatoke kupitia mdomo uleule katika saa sita hivi. Yakitoka huku upepo wa kusi mashariki unaingia, mawimbi husimama wima, mafupi na yaliyokaribiana. Ukitazama kutoka Mnarani unaona rangi ya maji imebadilika mahali hapo, na vipovu vimejipanga mstari. Ngalawa hupita pale ikitingishika. Kayaki hupinduka.

Ngalawa ina mirengu pande zote mbili, kwa hiyo mvuvi anaweza kuinama nje, akavuta samaki, akageuka kumtazama mwenzake. Kayaki ya kuvulia haina, hata ikiwa pana. Uthabiti wake umo kiunoni mwako. Kanuni ninayowafundisha vijana ni moja: kichwa kisivuke ukingo wa chombo. Kichwa ni kizito, na kikishatoka nje, mabega yanafuata, kisha chombo kizima. Samaki akiingia chini ya kayaki, usimfuate kwa mwili. Ingiza ncha ya fimbo majini, izungushe kupitia omo (mbele ya chombo) au tezi (nyuma), uje naye upande wa pili ukiwa umekaa wima.

Shemeji yangu alijua kanuni hiyo. Ila aliyemshika asubuhi ile alikuwa kolekole mkubwa, na kolekole hakupi nafasi ya kukumbuka.

Tulikuwa ndani ya mwamba, upande wa ufuo wa Bofa, pembeni mwa mkondo unaoelekea mlangoni. Ilikuwa Oktoba, maji yameanza kupwa. Tulikuwa tunarambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya chombo, yeye mbele, mimi nyuma yake kidogo upande wa ufuo. Nilisikia rili ikilia, nikamwona ameegemea kulia, fimbo imekunjika, halafu mshipi ukakata chini ya tezi kwenda kushoto. Akageuza bega kumfuata. Kayaki ilimwachia bila kelele. Nilichoona baada ya hapo ni tumbo la chombo, rangi ya manjano, na kafi likielea peke yake.

Jambo la kwanza nililofanya halikuwa kumkimbilia. Nilikata mshipi wangu. Nyuma yangu kulikuwa na chambo cha bandia chenye ndoana mbili za ncha tatu, na mwokoaji anayeingia mahali penye mtu majini huku anaburuta ndoana anaongeza hatari. Kisu changu kimefungwa kifuani kwenye jaketi la kuokolea, mahali ambapo mkono wowote unakifikia. Kata, acha, nenda. Chambo kitanunuliwa kingine.

La pili, niliokota kafi lake njiani, kwa kuwa lilikuwa linakuja kwangu na mkondo. Kama lingekuwa linakwenda upande mwingine ningeliacha. Mtu kwanza, chombo pili, vifaa mwisho, na hata samaki wa kilo kumi ni kifaa tu kwa wakati huo.

La tatu, nilizunguka nikamwendea nikiwa nimeukabili upepo. Ukija kutoka upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, wimbi moja tu linaweza kukutupa juu ya kichwa cha mtu unayekuja kumwokoa. Ukiukabili upepo, ukiacha kupiga kafi unasimama. Nilisimama mbali kidogo, mahali ambapo mkono wake haufiki, nikaanza kusema naye.

Wengi huliruka hilo. Mtu aliyeanguka ghafla hushika chochote kilicho mbele yake, na akishika ubavu wa kayaki yako kwa nguvu zote mtakuwa wawili majini. Kwa hiyo sema naye kwanza. Sauti ya kawaida, maneno machache. Nilimwuliza, “Shemeji, unanisikia? Unapumua vizuri?” Akaitikia kwa kichwa. “Shika chombo chako, usikiachie. Kuna ndoana mwilini?” Hakuna. “Mguu uko huru?” Akatulia, akajipapasa, akasema mshipi umemshika juu ya kifundo cha mguu, na samaki bado anavuta.

Uzi wa kufuma wa siku hizi ni mwembamba lakini unakata nyama. Ukiwa umeuzunguka mguu na samaki yupo upande wa pili, kupiga miguu kunauzidisha. Nilimwambia aache miguu itulie, alale chali, jaketi limshike. Nikampa omo ya kayaki yangu aikumbatie. Mtu aliyening'inia kwenye omo hakupindui, kwa sababu uzito wake uko kwenye mstari wa katikati. Aliyening'inia ubavuni anakupindua. Akanipa mguu. Mshipi ulikuwa umezama kwenye soksi. Niliingiza kisu upande wenye soksi, makali yakitazama nje, nikakata. Kolekole akaenda zake.

Kisha tukageuza chombo. Kayaki za kukaa juu, zenye matundu ya kutolea maji, ukizigeuza hurudi zikiwa karibu kavu. Ndiyo sababu nazipendekeza kwa uvuvi wa huku. Aliyemo majini anasogea katikati ya ubavu, ananyosha mikono kupita juu ya tumbo la chombo, anashika ukingo wa mbali au mkanda uliofungwa hapo makusudi, anaweka magoti kwenye ukingo wa karibu, halafu anajitupa nyuma. Chombo kinamfuata, na akikaa vibaya kinampiga usoni, kwa hiyo akishahisi kinageuka aweke mkono mmoja mbele ya uso. Fimbo zilizokuwa zimesimama nyuma ya kiti zilifanya kazi hii iwe ngumu, maana zilikuwa zimening'inia chini zikishikwa na maji. Tangu hapo shemeji hulaza fimbo anapopita mahali penye mawimbi.

Sasa kupanda. Hapa ndipo wanaume wenye misuli hushindwa, kwa sababu hujaribu kujiinua kama mtu anayepanda ukuta. Mwili ukisimama wima majini, miguu huingia chini ya chombo, na kila unapovuta kinakuja juu yako. Namna inayofaa ni kulala. Lala juu ya maji, tumbo chini, miguu nyuma kabisa, uipige mpaka visigino viko juu. Hapo ndipo unajivuta mbele, si juu, mpaka kitovu kiwe katikati ya chombo. Pumzika hapo. Kisha geuka kalio likae kitini, miguu ining'inie nje. Ya mwisho kuingia ni miguu. Tumbo, kalio, miguu. Vijana wetu wanaimba maneno hayo wakifanya mazoezi.

Kazi yangu ilikuwa kukifanya chombo chake kiwe kipana. Nilileta kayaki yangu ubavuni mwa yake, omo yangu ikitazama tezi yake, makafi yote mawili nikayalaza mapajani, nikajilaza kifua kizima juu ya chombo chake na kukumbatia kingo zote mbili. Yeye akiwa upande wa nje. Vyombo viwili vilivyoshikana namna hiyo haviwezi kupinduka kirahisi, na uzito wa mwokoaji unasawazisha uzito wa anayepanda. Usinyooshe mkono kumvuta. Mkono mmoja ukimvuta mtu umeshaachia chombo.

Alijaribu, jaketi lake likanasa kwenye kishikio cha fimbo. Akarudi majini. Akajaribu tena na mikono ikaanza kutetemeka. Ukiona hivyo usimhimize aongeze nguvu, kwa sababu hana. Toa kamba. Mimi nina kitanzi cha utepe mpana, kile cha kufungia mizigo kwenye gari, kilichofungwa mwisho kwa kifundo kisichokaza. Nilikizungusha kwenye kiti changu, nikakipitisha juu ya vyombo vyote viwili, kikaning'inia upande wake mpaka magotini. Akaingiza mguu mmoja, akakanyaga, akalala, akaja juu. Aliinuka kwa nguvu za paja, ambazo bado alikuwa nazo.

Wakati wote huo mkondo ulikuwa unatusogeza kuelekea mlangoni. Nilikuwa nikitazama mnazi mmoja ufuoni na paa la makuti nyuma yake; vilipoachana nikajua tunakwenda. Chagua alama mbili za namna hiyo mapema, kabla hujaanza kuvua, maana ukishaingia kwenye uokoaji hutazami mbali tena. Shemeji alikuwa ameshapanda lakini mikono haimtii, kwa hiyo nilimfunga kamba ya kuvutia, ya urefu wa mita kumi, upande wangu ikiwa kwenye fundo la kuachia kwa mvuto mmoja. Sikupiga kafi dhidi ya maji. Nilikata mkondo kwa upande, kuelekea kaskazini, mpaka tukaingia kwenye maji mafupi ya Bofa ambako mwendo wake hupungua. Kupigana na maji yanayopwa ni kujimaliza.

Mahali penye mawimbi yanayovunjika, kamba ya kuvutia haitakiwi. Wimbi likimsukuma wa nyuma atakugonga, au kamba itakuzunguka shingoni. Hapo kila mmoja anaingia kivyake, na aliyeanguka abaki upande wa bahari wa chombo chake, kamwe asiwe kati ya chombo na ufuo. Kayaki tupu ya kuvulia ina kilo 30 au zaidi. Ikijaa maji na kubebwa na wimbi inavunja mbavu.

Kwa wale wenye kayaki zenye mifuniko ya kuhifadhia vitu: kabla ya kutoka, ondoa kizibo cha nyuma, inua chombo, sikiliza. Maji yakiwemo ndani hukimbilia upande ulioinama na kukimalizia chombo. Baba alikuwa akifua maji kwenye hori kila baada ya muda bila kuangalia kama yameingia, na mimi hubeba sponji na chombo kidogo cha kutekea kwa sababu hiyo.

Nanga nayo imepindua wengi. Ukitia nanga kwenye mkondo, kamba itoke omo au tezi, kamwe isitoke ubavuni. Iwe na boya dogo mwisho wake, ili samaki au wimbi likikuzidi uiachie yote na urudi kuichukua baadaye.

Jaketi livaliwe. Najua joto. Najua wazee wetu wamevua miaka arobaini bila hilo, na naheshimu ujuzi wao, lakini wodini nimewapokea watoto wa wazee hao. Jaketi la alama ya 50 linatosha kwa mtu anayejua kuogelea na aliye macho; la alama ya 100 limetengenezwa limgeuze uso juu hata aliyezimia, maji yakiwa tulivu. Tazama alama hiyo kwenye lebo ya ndani. Likaze mpaka mwenzako akilivuta mabegani lisipande masikioni. Filimbi ifungwe hapo hapo, na simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji, mwilini, si ndani ya kayaki. Ikiwa una redio ya baharini, chaneli 16 ndiyo ya dharura. Bila redio, inua mikono yote miwili iliyonyooka pembeni na kuishusha polepole, mara kwa mara. Mabaharia wa dunia nzima wanaitambua. Na ufuoni abaki mtu anayejua mmetoka wapi, mmeelekea wapi, na saa ya kuanza kuuliza.

Kuna anayesema maji yetu ni ya moto, hakuna cha kuogopa. Mwezi wa Agosti bahari hapa ni nyuzi 25 hivi, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Huwezi kuganda, lakini kadiri unavyokaa majini ndivyo mwili unavyopoa na nguvu kupungua. Shemeji hakukaa majini muda mrefu, na tulipofika ufuoni alikuwa anatetemeka chini ya jua. Nilimvua fulana iliyolowa, nikamfunika kanga kavu, nikampa chai yenye sukari kwa sababu alikuwa macho na anameza vizuri. Asiyemeza vizuri usimpe kitu.

Kama angetoka hapumui, ningefanya tofauti na ninavyoona watu wakifanya ufuoni. Usimning'inize kichwa chini. Usimkamue tumbo kutoa maji. Yanayotoka ni ya tumboni, na akitapika yataingia mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, mzibe pua, mpulizie pumzi 5 kwanza, kwa kuwa aliyezama amekosa hewa kabla ya kingine chochote. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, na uendelee hivyo hivyo mpaka msaada ufike. Akianza kupumua mlaze ubavu.

Na aliyemeza maji akakohoa sana, hata akisema yuko sawa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mapafu yaliyoingia maji ya chumvi yanaweza kuharibika polepole kwa saa kadhaa. Kohozi jeupe lenye povu, pumzi za haraka, usingizi usio wa kawaida: usingoje asubuhi. Shemeji alikohoa njia nzima, nikampeleka, wakamweka mpaka jioni wakimpima hewa ya damu, wakamruhusu.

Mazoezi yenyewe hayana gharama. Nenda Bofa maji yakiwa yamejaa, siku za maji mafu (tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo), asubuhi na mapema, mahali ambapo mita chache tu zinakutenganisha na mchanga. Toa fimbo, toa ndoana zote, baki na kisu, kitanzi na jaketi. Mmoja apinduke, mwingine aokoe, kisha mbadilishane. Fanyeni mkiwa mmechoka pia, mwisho wa siku ya kuvua, kwa kuwa watu hupinduka wakiwa wamechoka. Wenye miili mizito wasione haya. Kitanzi cha mguu kinawafaa kuliko mtu yeyote, na ni bora mjue kabla kama utepe wenu unafika. Mke akitoka na mumewe, yeye ndiye aanze kujifunza kuokoa. Nimemwona mama wa kilo 55 akimpandisha mume wa kilo 100, kwa kulala tu kifuani juu ya chombo na kumwambia apige miguu.

Mimi na shemeji tunatoka tena maji mafu yanayokuja, upepo ukikubali. Aliye karibu na Kilifi na ana kayaki, aje na kafi, jaketi na utepe wa mita tatu na nusu. Samaki tutawazungumzia tukishatoka majini.